AMANI YA NYUMBANI NI DAWA YA MKIMBIZI

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kufika Gombani, katika Wilaya ya Chake Chake kisiwani Pemba, siku ya mechi kubwa ya kandanda, basi unajua maana ya umati wa watu. Huwa kana kwamba kisiwa chote kimehamia hapo. Wako waliotoka Wete na Micheweni, wako waliotoka Mkoani, na wenyeji wa Chake Chake wenyewe ndio usiseme. Watoto wamepakatwa, wauza njugu wanapita huku na huku, na kila shabiki ana lake la kunena. Filimbi ya mwisho ikilia, uwanja huwamwaga watu wake barabarani, na usiku haujakomaa kila mmoja amekwisha kufika kwake. Amechota maji katika mtungi wake, ametumia choo chake, na amelala kitandani mwake.

Sasa hebu tufikiri kidogo. Tuseme jioni hiyo hakuna arudiye nyumbani. Nyuma yao kuna bunduki, mbele yao kuna maji, na umati ule ule hauna budi kulala pale pale uwanjani, usiku wa kwanza, wa pili, na wa saba. Watu hao watakunywa nini? Watajisaidia wapi? Na mtoto mmoja akianza kuhara usiku wa manane, watafuata wangapi kabla ya mapambazuko?

Huenda ukasema kwamba hizo ni ndoto za mwandishi. La hasha. Jambo hilo limewahi kutokea katika nchi yetu hii hii, na uwanja uliohusika ulikuwa wa mpira, kama huu wa Gombani.

KIGOMA, MEI 2015

Mwezi Aprili 2015 machafuko ya kisiasa yalizuka nchini Burundi, na watu wakaanza kukimbia. Makumi ya maelfu kati yao waliingia Kagunga, kijiji kidogo cha Mkoa wa Kigoma kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka. Nyuma ya kijiji hicho kuna milima mikali, na mbele yake kuna ziwa. Njia iliyofaa ya kuwatoa wageni hao ilikuwa ya majini, na meli kongwe ya MV Liemba ilifanya kazi ya kuwachukua kwa mafungu hadi mjini Kigoma. Huko walipokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakasafirishwa kwa magari hadi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Ukanda ule mwembamba wa pwani ya Kagunga haukuwa na vyoo vya kutosha umati kama huo, wala maji safi. Watu waliyanywa maji ya ziwa lile lile walilooga na kufulia ndani yake. Haukupita muda kipindupindu kikabisha hodi. Hata kufikia wiki ya tatu ya Mei, wagonjwa walikuwa wamekaribia 3,000, na watu 31 walikuwa wamekwisha kufa. Wengi wa marehemu hao walikuwa wakimbizi, lakini wenyeji pia walikuwamo, maana kipindupindu hakimwulizi mtu uraia wake.

Wauguzi na madaktari wetu walifanya kazi usiku na mchana, wakisaidiwa na Msalaba Mwekundu, mashirika ya Umoja wa Mataifa na madaktari wa mashirika ya hiari. Walitundika dripu, walichimba vyoo, walitia dawa katika maji. Kisha, mwezi Juni, wakimbizi waliofikishwa Nyarugusu walipewa kitu kingine: chanjo ya kipindupindu, ambayo haidungwi kwa sindano bali hunywewa.

Ni juu ya chanjo hiyo, na juu ya maji ya chumvi na sukari, kwamba nataka tuzungumze leo. Kwani katika safari ya chanjo hiyo hadi kambini, watu wa Pemba na Unguja wana sehemu yao, na wengi wetu hatuijui.

UGONJWA UNAOIANDAMA MISAFARA

Kwanza yafaa tukumbushane kipindupindu ni nini. Ni ugonjwa uletwao na vijidudu vinavyoishi katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Vikifika tumboni hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyanyonya. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Macho humdidimia, ngozi hulegea, sauti humkauka, na mtu aliyeamka mzima asubuhi aweza kuzikwa jioni. Wasiotibiwa, katika hali mbaya, hufa hata nusu yao. Wakitibiwa mapema na inavyopasa, hafi hata mmoja katika mia.

Uone basi, msomaji, jinsi kilivyo kikubwa kitu kinachoitwa huduma. Ugonjwa ni ule ule na mwili ni ule ule; tofauti kati ya kaburi na uzima ni maji, chumvi, sukari, na mtu wa kuvinywesha.

Visiwa vyetu vinaujua ugonjwa huu tangu zamani. Tauni kubwa ya kipindupindu ilipita Zanzibar mwaka 1869 na 1870, na daktari Mwingereza James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, akaandika kitabu juu yake, kilichotoka mwaka 1876. Kikarudi tena mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa mgeni anayezuru kila baada ya muda, aghalabu majira ya mvua.

Lakini pale ambapo kipindupindu kinakuwa mfalme ni mahali pa vita. Mwezi Julai 1994 Wanyarwanda mamia ya maelfu walivuka mpaka kwa siku chache tu na kuingia Goma, mashariki ya Kongo. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano. Jembe haliingii, na choo hakichimbiki. Maji yalikuwa ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, na wengi wao waliuawa na kipindupindu pamoja na kuhara damu. Watu hao walikuwa wamekwisha kuziepuka risasi na mapanga. Walikufa kwa kiu, ukingoni mwa ziwa.

VYUMBA VIWILI VYA BANGAON

Yapasa tueleze pia kwamba dawa kubwa ya ugonjwa huu ilipata heshima yake duniani katika kambi ya wakimbizi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika mji wa mpakani uitwao Bangaon, hospitali ilikuwa na vyumba viwili tu vya wagonjwa wa kipindupindu, nao walikuwa wamelala hata sakafuni, ndani ya matapishi na uchafu. Daktari kijana, Dilip Mahalanabis, alikuta kwamba maji ya dripu yanakwisha na wauguzi hawatoshi.

Akakata shauri. Akaagiza chumvi, glukosi na magadi ya kuokea yapimwe, yafungwe katika mifuko, kisha yachanganywe na maji safi ndani ya mapipa. Akawaita mama, baba, dada na kaka za wagonjwa, akawapa vikombe, akawaambia wawanyweshe watu wao bila kuchoka. Wakubwa wengi wa tiba siku hizo hawakuamini kwamba maji ya kunywa yaweza kushinda kazi ya sindano. Lakini hesabu ilisema yenyewe: mahali ambapo vifo vilikuwa vikikaribia wagonjwa 30 katika kila mia, vilishuka hadi chini ya wanne.

Siri yake ni nyepesi. Utumbo wa mgonjwa hukataa maji matupu, lakini mlango wa sukari hubaki wazi. Sukari inapopita huvuta chumvi, na chumvi huvuta maji. Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi, na sukari peke yake haitoshi. Hufanya kazi zikiwa pamoja na kwa kipimo chake.

Nawaomba akina mama na akina baba mlitie moyoni jambo moja katika kisa hicho. Walioliokoa jeshi lile la wagonjwa kwa mikono yao walikuwa ndugu zao. Daktari alileta maarifa, lakini aliyeshika kikombe alikuwa mama wa mtoto.

KIKOMBE CHA ZANZIBAR

Sasa turudi kwetu. Maji ya chumvi na sukari humtibu aliyekwisha kuugua. Je, haiwezekani kumkinga mtu kabla? Chanjo ya kunywa ilikuwapo kwa miaka kadhaa, lakini walimwengu waliitilia shaka. Ilikwisha kujaribiwa Beira, Msumbiji, mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, na aina nyingine ikajaribiwa Kolkata, India. Hata hivyo maswali yalibaki. Je, itafaa katika vijiji vya Afrika? Je, inamkinga yule tu aliyeinywa, au na jirani yake pia?

Swali kama hilo halijibiki vitani. Ili kujua kama chanjo inafaa, hapana budi uzihesabu kaya, umjue aliyekunywa na asiyekunywa, kisha ukae ukingoje zaidi ya mwaka, na kila anayeharisha aje kituoni apimwe. Mkimbizi hana anwani. Leo yuko hapa, kesho amehamishwa, na kesho kutwa amerudi kwao au amepotea. Kazi ya namna hiyo yataka mahali ambapo watu wanalala penye vitanda vyao na sheha anazijua nyumba zake. Yaani yataka amani.

Mahali hapo palikuwa Zanzibar. Mwezi Januari na Februari 2009, Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo yenye makao yake Seoul, Korea Kusini, ilitoa chanjo hiyo katika maeneo sita ya Unguja na Pemba, ya mjini na ya shamba. Ilichanganywa na maji katika kikombe pamoja na unga wa kutuliza ukali wa tumbo, na kila mtu alitakiwa kunywa mara mbili. Katika watu 48,178 wa umri wa miaka miwili na zaidi waliostahili, 23,921 walikunywa dozi zote mbili. Ni kama nusu.

Baada ya hapo wakaguzi walikaa wakahesabu. Kipindupindu kilipokuja, kama ilivyo desturi yake, ilionekana kwamba hatari ya kuugua kwa waliokunywa dozi mbili ilikuwa imepungua kwa asilimia 79. Majibu hayo yalitangazwa mwaka 2012.

Lakini tazama, msomaji, maajabu ya pili, ambayo kwangu mimi ni makubwa kuliko ya kwanza. Ile nusu nyingine, ambayo ama ilikuwa safarini, ama ilikuwa na shughuli, ama iliogopa maneno ya mitaani, nayo ilipata hifadhi. Katika mitaa ambayo wengi walikunywa, hata wasiokunywa waliugua kidogo. Sababu yake ni kwamba mtu asiyeugua hayachafui maji ya mwenzake. Jirani aliyekunywa alimkinga jirani aliyekataa, na yule aliyekataa hata leo huenda hajui kwamba anadaiwa shukrani.

Jambo la tatu lilihusu akina mama wajawazito. Wao hawakukusudiwa kupewa chanjo, lakini baadhi yao walikunywa kabla hawajajijua kuwa wana mimba. Walifuatiliwa kwa makini, na haikuonekana kwamba chanjo imewadhuru wao au watoto wao. Habari hiyo ni nzito, maana kambini wajawazito ni wengi, na kipindupindu ni hatari mno kwa mama na kwa kilicho tumboni.

KUTOKA VIJIJINI HADI KAMBINI

Ushahidi wa Zanzibar uliungana na ule wa Beira na Kolkata. Mwaka 2013 ikaanzishwa akiba ya dunia ya chanjo ya kipindupindu, ikianza na dozi milioni mbili. Husimamiwa kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka na Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Mapema mwaka 2014 chanjo hiyo ilipelekwa Sudan Kusini, kwa watu waliokuwa wamekimbia vita. Na mwaka 2015 ikafika Nyarugusu.

Si kwamba chanjo ya kambini ilikuwa ile ile iliyonywewa Zanzibar. Zile za baadaye zimefanywa ziwe nyepesi zaidi, hazihitaji kuchanganywa na maji, na hilo ni faraja mahali ambapo maji yenyewe ndiyo tatizo. Lakini njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Mtu wa afya aliyesimama Nyarugusu mbele ya mama wa Kirundi na kumwambia, «Kunywa, ni salama», alikuwa na watu nyuma yake waliokwisha kunywa. Miongoni mwao walikuwamo wakulima wa mihogo na wavuvi wa visiwa hivi.

Wala Pemba haikuacha kazi hiyo. Wawi, jirani na Gombani, ipo Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu Mwitalia wa magonjwa ya minyoo. Tangu mwaka 2000 maabara hiyo imekuwa ikichunguza kichocho, safura na maradhi mengine ya watu wa kawaida. Atakayepita njia hiyo asidhani kwamba yale ni majengo ya ofisi tu.

Pamoja na hayo, tusidanganyane kwamba chanjo imemaliza kazi. Mwezi Oktoba 2022 kipindupindu kilikuwa kimeenea katika nchi nyingi mno, hata akiba ikapungukiwa, na wasimamizi wake wakalazimika kuagiza kwamba mahali pa mlipuko watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Kikombe kinapokuwa kimoja na vinywa vikawa viwili, hakuna hesabu njema. Chanjo hununua muda. Maji safi na vyoo ndivyo vimalizavyo deni.

NASI TULIWAHI KUVUKA BAHARI

Huenda akatokea wa kusema, «Hayo ni ya Warundi na Wakongo. Sisi kwetu ni shwari.» Naye nitamjibu kwa upole kwamba asiisahau historia yake mwenyewe. Baada ya machafuko ya kisiasa ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ambamo watu walipoteza maisha, zaidi ya watu 2,000 kutoka kisiwa hiki cha karafuu walipanda vyombo na kuvuka mkondo wa Pemba hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Walikuwamo wazee, wanawake na watoto wachanga. Waliishi huko kwa jina lile lile tulilozoea kuwapa wengine: wakimbizi. Oktoba ya mwaka huo muafaka ulitiwa saini, na wengi wakarejea makwao.

Silitaji jambo hilo ili kutonesha vidonda. Nalitaja kwa sababu aliyewahi kuomba maji mlangoni kwa mtu ndiye ajuaye uzito wa kikombe. Amani si mali ya kurithi ikakaa kabatini. Leo unayo, kesho waweza kuifuata kwa jahazi. Basi wakati unayo, itumie kuwafaa wasio nayo.

YATUPASAYO NYUMBANI

Msomaji aweza kuuliza, «Mimi wa Gombani, au Tandale, au Tunduru, nimsaidieje mtu aliyeko kambini?» Nasema, anza jikoni mwako.

Kwanza, kila nyumba ijue kutengeneza maji ya kuokoa maisha. Pakiti za ORS hupatikana vituoni na madukani, na hizo ndizo bora. Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa. Ikiwa huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa, bila kilima. Koroga hadi viyeyuke. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, hivyo usikadirie kwa ganja. Mnyweshe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole. Anyonyaye aendelee kunyonya. Yakipita saa 24, mwaga utengeneze mengine.

Pili, maji hayo si badala ya hospitali. Mgonjwa anayeharisha kama maji ya mchele, aliyelegea, aliyeingia macho ndani au asiyepata mkojo apelekwe mara moja, na aendelee kunyweshwa njiani. Kuficha kipindupindu kwa kuona haya ni kuwaua majirani. Hakuna aibu katika ugonjwa.

Tatu, chanjo ikija mlangoni, uliza maswali yako yote kwa mtu wa afya, kisha amua kwa maarifa, si kwa uvumi wa barazani. Umekwisha kuona kwamba kikombe chako kina manufaa kwa usiyemjua.

Nne, tuwafundishe watoto wetu kwamba mkimbizi si mleta maradhi. Maradhi huletwa na maji machafu na msongamano, na hayo mkimbizi hakuyachagua. Kijana wako akitaka kusomea uuguzi au kazi ya maabara, usimwambie kwamba ni kazi ya taabu isiyo na fahari. Siku umati utakaposhuka tena katika kijiji kama Kagunga, atatakiwa yeye.

Jumapili ijayo huenda Gombani pakawa na mechi. Watu watajaa, watashangilia, watanuna, na jioni watarudi makwao. Utakapofika kwako, ukainua kata ya maji kutoka mtungini, simama kidogo kabla hujanywa. Kisha mwite mwanao mkubwa, mwekee mbele lita moja ya maji, sukari na chumvi, umwambie akuoneshe kipimo. Akikosea, mfundishe usiku huo huo.